Mizani na Ngitili: Ushirika Ukae Mikononi mwa Wenyewe

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii twaisikia katika mikutano yetu yote, na kila tunaposikia twapiga makofi. Lakini liko jambo moja ambalo methali haikulieleza, nalo ndilo kubwa: vidole hivyo ni vya mkono wa nani? Mkono ukiwa wako, vidole hufanya kazi yako. Mkono ukiwa wa mwingine, vidole vyako vitavunja chawa wake, nawe utabaki unajikuna.

Habari yote ya ushirika wa wakulima katika nchi yetu, tangu zama za ukoloni hadi leo, imo ndani ya swali hilo. Na mahali pazuri pa kuisoma ni Usukuma, nchi ya pamba na ng'ombe iliyo kusini ya Ziwa Victoria. Huko wakulima wamejaribu kushirikiana katika kuuza mazao na katika kuitunza ardhi. Huko wamewahi kulazimishwa, na huko wamewahi kujiamulia wenyewe. Matokeo ya njia hizo mbili yameonekana wazi. Nasi tunaofanya kazi viwandani, bandarini na maofisini yatupasa kuyajua, maana nguo tunayovaa na ugali tunaokula hutoka katika mikono ile ile.

MIZANI YA PAMBA

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wa Usukuma walizidi kulima pamba. Mkulima alipalilia, akachuma, akatenga pamba safi na chafu, kisha akaipeleka mizigo yake kwa mnunuzi. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyeisoma, na ndiye aliyeandika. Mkulima asiyejua kusoma tarakimu angejuaje kama ratili zake ni themanini au sitini? Alishuku, akanung'unika, akapokea alichopewa, akarudi nyumbani.

Dawa waliyoiona wakulima ilikuwa kumweka mtu wao kando ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walichanga senti zao, wakawaajiri wapimaji wao wenyewe wasimame katika vituo vya ununuzi na kuhakikisha uzito. Jambo lenyewe lilikuwa dogo: mtu mmoja, macho mawili, na daftari. Lakini kutokana na daftari hilo vilizaliwa vyama vya msingi, na kutokana na vyama hivyo likazaliwa, mwaka 1955, Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, chini ya uongozi wa marehemu Paul Bomani. Kabla ya Uhuru wa 1961 pamba ya nchi ile ilikuwa inapita katika mikono ya vyama vya wakulima, nao walikuwa na vinu vyao vya kuchambulia pamba. Shirikisho hilo likatajwa miongoni mwa vyama vikubwa vya wakulima katika Afrika nzima.

Yafaa vijana wetu wakumbuke tena jambo moja. Tangu mwaka 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni ilikataza matawi ya TANU katika Usukuma. Katika miaka hiyo chama cha pamba kilikuwa shule ya wananchi. Humo walijifunza kuitisha mkutano, kumchagua mtu na kumwondoa, na kumtaka mweka hazina asome hesabu mbele ya watu wote. Aliyekwisha kujifunza kuuliza habari za ratili zake, haikuwa vigumu kwake kuuliza habari za nchi yake.

CHAMA KILIVYOWATOKA WENYEWE

Uhuru ulipopatikana, vyama vya ushirika viliongezwa kwa haraka katika sehemu zote za nchi, hata mahali ambapo wakulima wenyewe walikuwa hawajaviomba. Nia ilikuwa njema, yaani kumwondoa mlanguzi. Lakini chama kilichoanzishwa kwa amri hakina mpimaji wa kukichunga. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza mwenendo wa vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati ikakuta kwamba wanachama wengi hawakujua haki zao, kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, kwamba vyama vikuu vilikuwa mbali na mkulima, na kwamba wanasiasa walikuwa wakiingiza mikono yao katika kazi isiyo yao.

Mtu angetazamia kwamba dawa ya ugonjwa huo ni kumrudisha mkulima kwenye mizani yake. Ikawa kinyume. Madaraka yalizidi kupanda juu, mpaka mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na kazi ya kununua mazao wakapewa watumishi wa mamlaka za mazao. Mkulima aliyelala akiwa mwenye mali akaamka akiwa mteja. Mamlaka zile zikaingia gharama kubwa, malipo yakachelewa, na mkulima akajibu kwa njia yake ya zamani: akapunguza shamba la zao la biashara, akalima chakula chake.

Kosa hilo halikufichwa. Mwaka 1982 sheria ilivirudisha vyama vya ushirika, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alitamka kwamba, kama angepewa nafasi ya kuanza upya, kuvunja ushirika ni mojawapo ya mambo ambayo asingeyafanya. Ni vema kiongozi kusema hivyo. Lakini mti uliokatwa hautoi kivuli kwa kutangazwa kuwa umerudi. Vyama vilivyofufuliwa vilikuta wanachama waliokwisha kukata tamaa, na vinu vilivyochakaa. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa katika pamba mwaka 1994, vyama vikuu vilikuwa vimelemewa na madeni, wala havikuweza kushindana nao.

Wala jambo hili halikuwa la Usukuma peke yake. Kilimanjaro, ambako chama kikuu cha kahawa, yaani KNCU, kilisimama tangu mwaka 1933, zilitokea ghasia mwaka 1937 wakati wakulima walipolazimishwa kuuza kahawa yao kwa njia ya chama hicho. Chama kilikuwa cha wakulima kwa jina, lakini walikiona kama mkono wa serikali. Watu wale wale walikipenda baadaye, walipokiona kuwa chao.

ARDHI ILIYOCHOKA

Sasa tuitazame ardhi, maana bei nzuri haina faida kwa mtu ambaye shamba lake limekuwa vumbi.

Nchi ya Shinyanga hapo kale ilikuwa na misitu ya migunga na miombo. Tangu miaka ya 1920 misitu hiyo ilifyekwa kwa wingi ili kumfukuza mbung'o anayeua ng'ombe. Kisha likaja shamba la pamba, likazidi idadi ya watu na mifugo, zikazidi kuni. Serikali ya kikoloni ilipoona udongo unachukuliwa na maji, ikaanzisha mpango mkubwa wa Usukuma mwaka 1947. Mpango ulikuja na amri nyingi: punguza ng'ombe, funga matuta ya kuzuia maji, tia samadi, hama hapa nenda kule. Asiyetii alitozwa faini. Baadhi ya amri hizo, mtaalamu wa kilimo wa leo angezisifu. Lakini watu walizichukia, kwa kuwa hawakuulizwa. Mwaka 1958 Geita ikajaa maandamano, na amri zile zikafa pamoja na nguvu ya walioziamuru. Matuta nayo yakaachwa, yaliyofaa na yasiyofaa.

Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini. Wengi waliacha maboma yao na malisho waliyokuwa wakiyatunza, na malisho hayo yakabaki bila mwenyewe. Kufikia miaka ya 1980 watu waliisema Shinyanga kama watu wasemavyo jangwa.

Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI kwa kifupi. Mwanzoni wataalamu walileta miche kutoka katika vitalu. Baadaye wakawasikiliza wazee, na wazee wakawakumbusha neno la Kisukuma: ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, asiingie ng'ombe hata mmoja, majani yakue na kukaukia pale pale. Kiangazi kikishika, sehemu hiyo hufunguliwa kidogo kidogo, na wanaotangulizwa ni ndama, maksai wa kulimia, na wanyama walio dhaifu. Kwa kuwa ardhi imepumzika, visiki ambavyo vilikuwa hai chini ya udongo huchipua tena, na msitu hurudi bila kupandwa mche mmoja.

Mpango ulipoanza, ngitili zilizosalia zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Baada ya muda usiofika miaka ishirini zilihesabiwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni zikapatikana karibu, na kina mama wakapumzika safari ndefu. Yakarudi majani ya kuezekea, miti ya kujengea, asali, na dawa za asili. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ni nani aliyewachunga watu wasiingize ng'ombe usiku? Hakuwa askari wa misitu. Sheria zilitungwa na vijiji vyenyewe, zikasimamiwa na dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, pamoja na walinzi wa sungusungu. Aliyevunja sheria alitozwa faini na majirani zake mwenyewe. Tazama basi: wajukuu wa watu waliokataa amri ya matuta mwaka 1958 walikubali kufunga malisho yao kwa hiari, na kuadhibiana kwa hiari. Ardhi ni ile ile na kabila ni lile lile. Kilichobadilika ni mwenye kuamua.

Hata hivyo tusiipake ngitili mafuta. Nyingine ni za kijiji, nyingine ni za kaya moja moja, na mwenye ardhi nyingi hufaidi kuliko maskini. Mjane asiye na shamba hutegemea ngitili ya kijiji. Ikigawanywa kwa hila, au miti yake ikiuzwa kuwa mkaa kwa faida ya wachache, yeye ndiye wa kwanza kulala bila moto. Mpango wa HASHI ulikwisha mwaka 2004. Tangu hapo ngitili husimama au huanguka kwa mkutano wa kijiji.

YATUPASAYO LEO

Leo vyama vya msingi vya mazao, ambavyo twaviita AMCOS, vimerudi katikati ya biashara ya pamba, korosho, kahawa na tumbaku. Sheria ya mwaka 2013 imeunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika kuvisimamia na kuvikagua. Hilo ni jambo jema. Lakini hapana mkaguzi awezaye kusimama penye kila mizani. Msimu wa pamba wa mwaka 2019 uliwaonyesha wakulima hatari iliyopo: bei ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasitasita, na wakulima wengi waliokwisha kupeleka pamba yao wakakaa muda mrefu wakingoja fedha. Mwenye kungoja namna hiyo hukopa, na mkopeshaji wake mara nyingi ni yule yule mlanguzi ambaye ushirika ulianzishwa ili kumwondoa.

Kwa hiyo mwanachama asiridhike na kuona jina lake katika daftari. Ahudhurie mkutano mkuu, na hapo aulize maswali manne. Mizani ilihakikiwa lini, na nani? Katika kila kilo moja, ni kiasi gani kimekatwa, na kwa ajili ya nini? Chama kinadaiwa na nani, na mkopo huo ulipitishwa na mkutano upi? Na la nne, ambalo husahauliwa: chama kinaifanyia nini ardhi inayokilisha? Chama kinachokata ushuru wa pamba kila msimu, wala hakijali samadi, miti na malambo ya maji, kinakula mbegu.

Nasi wanachama wa chama cha siasa tuna wajibu wetu. Tusiufanye ushirika kuwa ngazi ya kupandia vyeo, wala tusiwachagulie wakulima viongozi wao katika vikao vya siri. Tumeona mara mbili nini hufuata. Kazi yetu ni kumfundisha mkulima kusoma hesabu, kumtetea anapouliza, na kumlinda asifukuzwe mkutanoni kwa sababu ameuliza. Na mfanyakazi wa mjini, aliye mwanachama wa ushirika wa kuweka na kukopa, aanze na chama chake mwenyewe: aidai taarifa ya mwaka na aisome. Asiyekagua akiba yake mjini hana la kumshauri ndugu yake wa shamba.

Uhaba wa sheria za ushirika si ugonjwa wetu. Sheria tunazo tangu mwaka 1932. Tunachohitaji ni yule mtu mmoja wa miaka ya 1950, mwenye macho mawili na daftari, aliyetumwa na wenzake kusimama kando ya mizani. Kila chama kimtafute mtu huyo, kimlipe kwa haki, na kila mwaka kimwite mkutanoni asome daftari lake mbele ya wote.