Mimea ya Usambara iliyoteketea Berlin na somo la kuhifadhi data

Anayesimama kwenye genge la Irente, kilomita chache kutoka mjini Lushoto, huiona tambarare ya Mazinde mbali chini yake. Nyuma yake ipo milima ya Usambara, ambayo misitu yake ina mimea isiyopatikana kwingineko duniani.

Katika miaka ya 1890, wakusanyaji kama Carl Holst waliichuma mimea hiyo, wakaikausha na kuipeleka Berlin, Ujerumani. Huko Adolf Engler na wenzake waliipa majina ya kisayansi. Sampuli iliyotumika kutolea jina ndiyo rejea ya kudumu. Mtaalamu akiwa na shaka huirudia.

Usiku wa kuamkia Machi 2, 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jengo lililohifadhi mimea hiyo lilipigwa mabomu na sehemu kubwa ya hazina hiyo ikateketea. Kwa mimea mingi, kilichosalia ni sampuli pacha zilizokuwa zimepelekwa mapema nchi nyingine, ikiwamo bustani ya Kew, Uingereza.

Kanuni hiyo ya kutotegemea jengo moja ndiyo inayofuatwa na wanafizikia wa CERN, karibu na Geneva, Uswisi. Mtambo wao wa kugonganisha chembe ndogo, uliowashwa mwaka 2008, umezalisha data nyingi mno. Nakala moja hutunzwa hapo hapo katika kanda za sumaku, na ya pili hugawanywa katika vituo vikubwa vya nchi nyingine. Mtandao wao una vituo vipatavyo 170 katika nchi zaidi ya 40, na orodha za faili huonyesha kila faili lilipo.

Taarifa za viumbe nazo zina mtandao wake, GBIF, ulioanzishwa mwaka 2001. Kila taasisi hubaki na kanzidata yake, lakini mtafiti huzitafuta zote kwa pamoja. Tanzania imeshiriki kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

Hata hivyo, ipo tofauti. Nakala ya faili ni sawa na faili lenyewe, ilhali picha ya jani si jani.

Lushoto ina hifadhi yake ya mimea iliyokaushwa, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu (TAFORI). Majani yake hayanakiliki kama faili, lakini picha na maelezo yake vinaweza kuwekwa katika miji kadhaa kabla moto, wadudu au unyevu haujayafikia.