Ngoma Zikilia, Usisahau Salio

Agosti Nyeri ni baridi na manyunyu. Hata hivyo, mwaka wa 2023, Tamasha la Muziki la Kenya lilipofika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, wanafunzi kutoka pembe zote za nchi walikuja kushindana. Mashindano haya yalianza 1927, na ngoma za kiasili ni sehemu yake hadi leo.

Ukienda tamasha kama hili, utatamani kuona mwomboko: akodioni inalia, karing'aring'a, ule mduara wa chuma, inagongwa, na wawili wawili wanapiga hatua pamoja. Hapo ndipo simu inatetemeka: “Umepokea Ksh 1,500.” Dakika moja baadaye mtu anapiga: “Mama, nimekosea namba, nirudishie, mtoto yuko hospitali.”

Pole pole. Ndani ya hizo 1,500 unazotaka kutuma huenda imo nauli yako ya kurudi Othaya.

Fanya hivi:

• Toka kwenye kelele, uangalie salio lako kwanza. Ujumbe mtu yeyote anaweza kuuandika, salio halidanganyi.
• Hata kama pesa imeingia kweli, usiirudishe mwenyewe. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia kampuni yake.
• Ukilipia chai au mahindi choma kwa till, soma jina la biashara kabla ya kuthibitisha malipo.
• Tenga nauli mapema, na uweke mia mbili mfukoni. Betri ikiisha, utafika nyumbani.

Sasa rudi uwanjani. Ngoma haijaisha.