Hifadhidata Inapojibu Swali Ambalo Halikuulizwa

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM, alipendekeza data zipangwe katika majedwali. Miaka minne baadaye, Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni hiyohiyo wakatoa lugha ya kuyahoji, ambayo leo ndiyo SQL. Kosa baya kuliko yote katika lugha hii halina onyo: swali linapokelewa, majibu yanatoka, ila si yale yaliyokusudiwa.

Chukua jedwali la wagonjwa. Mganga anataka orodha ya watoto wa chini ya miaka 5 wanaoishi Temeke au Ilala. Karani wa data anaandika:

WHERE wilaya = 'Temeke' OR wilaya = 'Ilala' AND umri < 5

Orodha inatoka na wazee wa Temeke ndani yake. AND hutangulia OR, kama kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha, kwa hiyo sharti la umri limewabana watu wa Ilala peke yao. Dawa ni mabano:

WHERE (wilaya = 'Temeke' OR wilaya = 'Ilala') AND umri < 5

Mtego wa pili hautibiki kwa mabano. Mwenye duka anatafuta wateja walionunua unga na sukari pia, kwenye jedwali ambalo kila bidhaa iliyouzwa ina mstari wake. Akiandika bidhaa = 'unga' AND bidhaa = 'sukari', hapati hata mteja mmoja. WHERE hupima mstari mmoja mmoja, na hakuna mstari wenye bidhaa mbili. Inabidi achukue mistari ya unga na ya sukari, aikusanye kwa kila mteja, kisha abakize waliofikisha bidhaa mbili tofauti:

WHERE bidhaa IN ('unga', 'sukari')
GROUP BY mteja
HAVING COUNT(DISTINCT bidhaa) = 2

DISTINCT isiachwe. Bila hiyo, aliyenunua unga mara mbili ataingia orodhani bila kugusa sukari.

Nafasi tupu nazo zina mambo yake. Sharti la wilaya <> 'Temeke' huwaacha nje wote ambao wilaya yao haikujazwa, kwani kwao jibu si kweli wala si uongo. Wakihitajika, waitwe waziwazi kwa OR wilaya IS NULL, tena ndani ya mabano pakiwa na masharti mengine.

Kabla orodha haijamfikia mganga, karani atafute humo mtoto mmoja anayejua lazima awemo, na mzee mmoja anayejua hapaswi kuwemo.