Viwanda vya simu vinahama China: Vietnam na India zinagombea nini hasa?

Soma maandishi madogo yaliyo kwenye boksi la simu mpya. Mahali fulani, mara nyingi karibu na namba ya utambulisho, utaona jina la nchi ambako simu hiyo iliunganishwa. Kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa China. Siku hizi mengi ya maboksi hayo yanataja Vietnam, na mengine yanataja India.

Neno hilo moja kwenye boksi ni matokeo ya ushindani mkali kati ya nchi zinazoinukia kiuchumi. Kinachogombewa ni ajira za mamilioni ya vijana, fedha za kigeni na ujuzi wa teknolojia. Katika makala hii tunaeleza jinsi ushindani huo ulivyoanza, na tunauliza swali ambalo hotuba za uzinduzi wa viwanda hazilijibu: nchi inayopata kiwanda inabaki na nini?

China ilivyotangulia

China ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani, WTO, mwezi Desemba 2001. Tangu hapo makampuni ya kigeni yalimiminika kutafuta wafanyakazi wengi, bandari kubwa na umeme wa uhakika. Mji wa Shenzhen, ulioko kusini jirani na Hong Kong, ukawa soko la kila kipuri cha simu. Mhandisi akihitaji skrubu ya aina fulani, aliweza kuipata siku hiyo hiyo kwa muuzaji wa mtaa wa pili. Katika mji wa Zhengzhou, kampuni ya Foxconn kutoka Taiwan ilijenga kiwanda kikubwa kiasi kwamba watu wakaanza kuliita eneo hilo mji wa iPhone.

Baadaye mambo yalibadilika. Mishahara ya China ilipanda. Mwaka 2018 Rais Donald Trump wa Marekani alianza kuzitoza bidhaa za China ushuru mpya. Kisha likaja janga la corona, na mwezi Novemba 2022 kiwanda cha Zhengzhou kilikumbwa na maandamano ya wafanyakazi waliochoshwa na masharti ya kufungiwa ndani. Makampuni yakaona hatari ya kutegemea nchi moja kwa karibu kila kitu.

Vietnam: jirani aliyejiandaa mapema

Vietnam haikusubiri mgogoro huo ndipo ianze kujipanga. Mwaka 1986 chama tawala cha kikomunisti kilianzisha mageuzi ya uchumi yaitwayo Doi Moi, yaliyofungua milango kwa wafanyabiashara binafsi na wawekezaji wa nje. Marekani iliondoa vikwazo vyake vya biashara mwaka 1994, na mwaka 2007 Vietnam ikajiunga na WTO.

Samsung ya Korea Kusini ilianza kutengeneza simu katika mkoa wa Bac Ninh, karibu na mji mkuu Hanoi, mwaka 2009. Miaka mitano baadaye iliongeza kiwanda kikubwa zaidi katika mkoa wa Thai Nguyen. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilifunga kiwanda chake cha mwisho cha simu nchini China, kilichokuwa katika mji wa Huizhou.

Eneo lilichaguliwa kwa hesabu. Kaskazini mwa Vietnam inapakana na China, kwa hiyo malori hubeba vipuri kutoka viwanda vya kusini mwa China hadi Bac Ninh kwa barabara, bila kusubiri meli. Vietnam pia ilitia saini mikataba mingi ya biashara, ukiwemo ule wa Umoja wa Ulaya ulioanza kazi Agosti 2020.

Lakini mafanikio hayo yana upande wa pili. Zaidi ya asilimia 70 ya mauzo ya Vietnam katika nchi za nje yanatoka kwa makampuni ya kigeni. Makampuni ya wazawa yanayouza vipuri vya kitaalamu kwa viwanda hivyo bado ni machache. Na kwa watu wapatao milioni 100, Vietnam haina akiba ya wafanyakazi kama ile ya China au India.

India: soko kubwa na fimbo ya ushuru

India ilipita njia nyingine. Ikiwa na watu zaidi ya bilioni 1.4, ilijua kwamba hakuna kampuni ya simu itakayokubali kulikosa soko lake. Ikaamua kulitumia soko hilo kama chambo. Mwaka 2018 ilipandisha ushuru wa simu zinazotoka nje hadi asilimia 20. Ujumbe ulikuwa wazi: ukitaka kuuza simu kwa bei nafuu hapa, njoo uziunganishe hapa.

Mwaka 2020 serikali ya Waziri Mkuu Narendra Modi iliongeza motisha. Kampuni iliyotimiza malengo ya uzalishaji ilikuwa ikilipwa na serikali kati ya asilimia 4 na 6 ya ongezeko la mauzo ya bidhaa ilizotengeneza nchini humo, kwa miaka mitano.

Matokeo yalionekana. Samsung ilikuwa tayari imepanua kiwanda chake cha Noida, karibu na Delhi, mwaka 2018. Simu za iPhone, zilizoanza kuunganishwa Bengaluru mwaka 2017, sasa zinatoka kwa wingi katika jimbo la Tamil Nadu. Mwaka 2023 kampuni ya Tata ilikubali kununua kiwanda kilichokuwa cha Wistron ya Taiwan, na ikawa kampuni ya kwanza ya Kihindi kuunganisha iPhone.

Hata hivyo, ajira hizo zina gharama zake. Wafanyakazi wengi ni wanawake vijana kutoka vijijini, wanaoishi kwenye mabweni. Mwezi Desemba 2021, zaidi ya wanawake 250 wa kiwanda cha Foxconn huko Sriperumbudur waliugua kwa kula chakula kibaya bwenini. Wenzao waliandamana, barabara kuu ikafungwa, na kiwanda kikasimama kwa wiki kadhaa. Kampuni ya Apple ilikiri kwamba baadhi ya mabweni na kumbi za chakula hazikufikia viwango vyake.

Dola sita na nusu

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwaka 2010 watafiti wawili, Yuqing Xing na Neal Detert, walichapisha hesabu ya simu ya iPhone iliyouzwa Marekani mwaka 2009. Gharama yote ya vipuri na kuiunganisha ilikuwa dola 178.96. Kati ya hizo, kazi ya kuunganisha iliyofanyika China ilikuwa dola 6.50 tu. Fedha nyingine zilikwenda Japani, Korea Kusini, Ujerumani, Marekani na kwingineko vipuri vilikotoka. Lakini kwenye takwimu za biashara, dola zote 178.96 ziliandikwa kuwa mauzo ya China.

Hapo ndipo penye somo. Kuunganisha ni ngazi ya chini kabisa. Juu yake kuna kutengeneza betri, kioo na kamera. Juu zaidi kuna chipu, programu na jina la biashara, na huko ndiko faida kubwa iliko.

China haikubaki kwenye ngazi ya chini. Xing alipoirudia hesabu hiyo kwa iPhone X, iliyotoka mwaka 2017, makampuni ya China yalikuwa yakichangia takriban dola 104 kati ya dola 409 za gharama, yaani robo nzima. Ndiyo maana kiwanda kikihamia Hanoi au Tamil Nadu, China haiondoki kwenye biashara. Inauza vipuri kwa yule aliyechukua kazi ya kuunganisha.

India imeliona hilo. Mwezi Machi 2025 iliidhinisha mpango wa takriban rupia bilioni 229 wa kusaidia utengenezaji wa vipuri vya elektroniki. Kikwazo ni kwamba wenye ujuzi huo ni Wachina, na mwaka 2020 India ilianza kuuchuja kwa makini uwekezaji kutoka nchi jirani.

Kalamu ya Washington

Nchi inayotegemea soko la mwingine hulala jicho moja likiwa wazi. Tarehe 2 Aprili 2025, Rais Trump alitangaza ushuru wa asilimia 46 kwa bidhaa za Vietnam na asilimia 26 kwa za India. Siku chache baadaye simu janja ziliondolewa kwenye orodha. Mwezi Julai kiwango cha Vietnam kikashushwa hadi asilimia 20. Mwezi Agosti ikawa zamu ya India, iliyopandishiwa hadi asilimia 50, sehemu yake ikiwa ni adhabu ya kununua mafuta ya Urusi. Aliyejenga kiwanda kwa hesabu za miaka kumi alishuhudia hesabu hizo zikibadilika kwa miezi mitano.

Afrika inajifunza nini?

Mashindano haya hayako mbali nasi. Kampuni ya Transsion yenye makao yake Shenzhen, inayotengeneza Tecno, Itel na Infinix, ndiyo inayoongoza soko la simu barani Afrika, na tangu mwaka 2011 imekuwa na kiwanda cha kuunganisha simu nchini Ethiopia. Rwanda ilizindua kiwanda cha Mara Phones mjini Kigali mwaka 2019. Mwezi Oktoba 2023, Rais William Ruto wa Kenya alizindua kiwanda cha Athi River, na simu zake za bei ya chini zilianza kuuzwa kwa shilingi 7,499.

Hizi ni hatua za kupongezwa, kwa sababu hakuna nchi iliyofika juu bila kuanza chini. China yenyewe ilianza na dola sita na nusu. Ila kufungua kiwanda si mwisho wa safari. Vietnam ilichukua zaidi ya miaka ishirini kutoka mageuzi ya 1986 hadi simu ya kwanza ya Bac Ninh, na mpaka leo bado inahangaika kupanda ngazi inayofuata.

Kwa hiyo, utepe wa kiwanda kipya unapokatwa, wananchi wana haki ya kuuliza maswali manne. Ni vipuri gani vitatengenezwa hapa, na kuanzia lini? Ni mafundi wangapi watafunzwa kazi inayozidi kukaza skrubu? Wafanyakazi watalala wapi na watakula nini? Na motisha ya serikali ikiisha, mwekezaji ana sababu gani ya kubaki? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama nchi imepata kiwanda, au imekodisha tu mikono ya vijana wake kwa muda.