Ndoo ya Maziwa Hupanda na Kushuka: Somo la Sayansi Kutoka Bandani

Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ambako ardhi ni haba na watu ni wengi, ng'ombe wa maziwa haendi malishoni. Hufugwa bandani, ndani ya kihamba, katikati ya migomba na mibuni, naye huletewa chakula chake hapo hapo. Nyasi hukatwa kandokando ya shamba au hubebwa kutoka tambarare; migomba iliyokwisha kutoa ndizi hukatwakatwa na kuongezwa juu yake; na samadi hurudishwa shambani kurutubisha udongo. Ufugaji wa namna hii ni wa tangu zamani mlimani hapo, na siku hizi umeenea pia Meru, Lushoto, Rungwe na katika nyanda za juu za Kenya.

Mwenye ng'ombe mmoja ana swali moja linalomshughulisha kila alfajiri: leo ndoo itakuwa na kiasi gani? Jana zilipatikana lita 9, leo 7. Kesho huenda zikawa 8, au 5. Maziwa hayo ni lishe ya watoto, na yale yauzwayo hununua sabuni, chumvi na madaftari ya shule. Yanapopungua, maelezo hayakosekani: mkamuaji ana mkono mbaya, au jirani mwenye kijicho amepita karibu na banda. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu wa maziwa una vyanzo vinavyoweza kutafutwa, na kwamba mfugaji mwenye penseli na daftari aweza kuvitambua mapema, kabla hajampoteza mnyama.

Maziwa hutengenezwaje?

Ng'ombe ni mnyama anayecheua. Tumbo lake lina vyumba vinne, na kilicho kikubwa kuliko vyote huitwa rumeni. Humo huishi vijidudu wengi mno wasioonekana kwa macho. Vijidudu hao huchachua nyuzinyuzi za nyasi, ambazo tumbo la mwanadamu haliwezi kuzisaga, na kutoa asidi ambazo ng'ombe huzitumia kupata nguvu. Hatimaye vijidudu wenyewe huteremka pamoja na chakula, wakasagwa na kuwa protini ya ng'ombe. Kwa hiyo yafaa kukumbuka kwamba anayemlisha ng'ombe huwalisha kwanza vijidudu wa rumeni.

Virutubisho hivyo husafirishwa na damu hadi kwenye kiwele. Ili lita 1 ya maziwa ipatikane, damu ipatayo lita 400 hadi 500 hupita kiweleni. Aidha, katika kila kilo 100 za maziwa, kilo 87 hivi ni maji matupu. Hesabu hizi mbili zaeleza mengi. Mnyama aliyepungukiwa na maji, au ambaye damu yake imeshughulishwa na homa, hawezi kuficha hali yake. Ndoo itamtangaza.

Mteremko ulio wa kawaida

Si kila kupungua ni hatari. Baada ya kuzaa, maziwa ya ng'ombe huongezeka siku hadi siku, yakafika kilele kati ya wiki ya 4 na ya 8. Kutoka hapo huanza kuteremka polepole, pengine hadi kadiri ya asilimia 10 kila mwezi. Miezi 2 kabla ya kuzaa tena, mfugaji hushauriwa aache kabisa kumkamua ili kiwele kipumzike na ndama aliyemo tumboni apate lishe ya kutosha.

Tukichora mwenendo huo kwenye karatasi ya miraba, siku zikiwa kwenye mstari wa chini na lita kwenye mstari wa wima, tutapata mchoro unaofanana na kilima chenye upande mmoja mkali na mwingine wa taratibu. Mfugaji aujuaye mchoro huo hatashtuka maziwa yanapopungua kwa nusu lita katika muda wa wiki mbili. Atashtuka yanapopungua kwa lita 2 katika usiku mmoja.

Maji, majani na hofu

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni maji. Ng'ombe huhitaji lita 3 hadi 5 za maji kwa kila lita 1 ya maziwa anayotoa. Anayetoa lita 10 aweza basi kuhitaji lita 50, yaani zaidi ya madebe mawili. Mahali ambapo maji huchotwa mtoni na kubebwa kichwani, siku mchotaji alipougua au mtoto alipochelewa kutoka shuleni huonekana kwenye ndoo kesho yake.

Chanzo cha pili ni majani. Ng'ombe mkubwa aweza kula kilo 50 hadi 70 za majani mabichi kwa siku, lakini uzito peke yake hautoshi. Matete yakatwayo yakiwa na kimo cha meta 1 hivi huwa laini na yenye protini. Yakiachwa yarefuke kupita kiasi, mashina huwa magumu kama mti, na vijidudu wa rumeni huchukua muda mrefu kuyachachua. Ng'ombe atasimama tumbo limejaa, huku akipungukiwa na lishe. Hali kadhalika, mgomba humsaidia sana wakati wa kiangazi, lakini sehemu kubwa yake ni maji. Hauwezi kushika nafasi ya nyasi, majani ya jamii ya kunde, pumba au mashudu.

Chanzo cha tatu ni hofu. Kiwele kikioshwa kwa maji ya uvuguvugu na kusuguliwa kwa upole, ubongo wa ng'ombe hutoa homoni iitwayo oksitosini, nayo hubana vifuko vidogo vya maziwa hadi maziwa yateremke. Nguvu ya homoni hiyo hudumu dakika chache tu, kwa hiyo kukamua kwapasa kufanywa bila kukawia. Ng'ombe aliyepigwa, aliyefokewa au aliyetishwa na mbwa hutoa homoni nyingine, adrenalini, ambayo huzuia maziwa kushuka. Hapo ndipo ilipo kweli ndani ya usemi wa "mkono mbaya": mkono unaoumiza hunyimwa maziwa.

Siku ya 21

Upo upungufu mwingine ambao ni habari njema. Ng'ombe asiye na mimba huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe hudumu chini ya siku moja. Siku hiyo huwa hatulii, hulia, hula kidogo, hutoa ute mweupe unaovutika, na maziwa yake yaweza kupungua. Ng'ombe wa malishoni huonyeshwa na dume; wa bandani hana wa kumwonyesha ila mfugaji mwenyewe.

Mfugaji akiitambua dalili asubuhi, yampasa kumwita mhimilishaji ili ng'ombe apandishwe jioni ya siku hiyo. Akiitambua jioni, apandishwe kesho asubuhi. Akiikosa, atangoje siku 21 nyingine, akimlisha mnyama ambaye maziwa yake yanaendelea kuteremka kilima bila ndama kutungwa. Akiikosa mara tatu, amepoteza zaidi ya miezi miwili. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi. Anayetaka ndama kila mwaka hana basi nafasi kubwa ya kuchelewa.

Upungufu wa hatari

Sasa tufikie yale yanayoua. Ugonjwa wa kiwele huletwa na bakteria wanaoingia kupitia tundu la chuchu. Mara nyingi maziwa hupungua kabla uvimbe haujaonekana. Njia rahisi ya kupima ni kukamua matone ya kwanza ya kila chuchu juu ya kitambaa cheusi na kutazama kama yana madonge au damu. Ng'ombe akitibiwa kwa dawa za kuua bakteria, maziwa yake hayafai kunywewa wala kuuzwa hadi zitimie siku zilizoandikwa kwenye dawa.

Adui mkubwa zaidi ni ndigana kali. Ugonjwa huu huletwa na kiini kiitwacho Theileria parva, ambacho husafirishwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kung'ang'ania masikioni. Ulifika kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani yetu, na ndiyo sababu wageni waliuita homa ya Pwani ya Mashariki. Arnold Theiler alikieleza kiini chake mwaka 1904 huko Transvaal.

Kupe akisha kuuma, viini huhitaji siku kadhaa kukomaa ndani ya mate yake. Hivyo kupe aondolewaye mapema aweza kuwa hajaambukiza. Viini vikiingia, tezi iliyo chini ya sikio huvimba, kisha homa hupanda kupita nyuzi 40, ilhali joto la kawaida la ng'ombe mzima ni nyuzi 38.5 hivi. Hatimaye mapafu hujaa maji. Ng'ombe wa kigeni asiyetibiwa aweza kufa kabla ya mwezi kwisha. Dawa zipo, lakini hufaa zaidi siku za mwanzo. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Muguga, Kenya, walifanikisha chanjo ambayo huingiza viini hai pamoja na dawa ya kuvidhibiti, na tangu miaka ya 1990 imetumiwa kwa wingi na wafugaji wa Tanzania ya kaskazini.

Jambo la kutilia mkazo ni kwamba mnyama mwenye homa hupunguza kula, na anayepunguza kula hupunguza maziwa. Ndoo yaweza kutoa taarifa kabla mnyama hajalala chini.

Mali bila daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la bandani lahitaji safu tano tu: tarehe, lita za asubuhi, lita za jioni, chakula na maji aliyopewa, na mambo yaliyoonekana. Tuchukue mfano wa kubuni. Jumatatu lita 9, Jumanne 9, Jumatano 6. Mfugaji asome kwanza safu ya maji: je, yalitosha? Kisha ahesabu siku tangu joto la mwisho: je, ni 21? Kisha apime chuchu kwa kitambaa, apapase tezi chini ya masikio, na atie kipimajoto. Uchunguzi huo hauchukui nusu saa. Akikuta nyuzi 40.5 na tezi iliyovimba, asingoje Alhamisi; amwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.

Walimu wa Baiolojia, Kilimo na Hisabati wanaweza kulifanya jambo hili kuwa kazi ya darasa. Wanafunzi wachague ng'ombe mmoja wa shule au wa jirani, wapime maziwa yake kwa siku 60, wachore mchoro, na kila mahali mstari unapovunjika waandike sababu wanayoishuku na namna walivyoithibitisha. Watajifunza kutofautisha mabadiliko ya kawaida na yasiyo ya kawaida, kazi ambayo mtafiti wa maabara huifanya kila siku. Na huenda siku moja katika hizo 60 mwanafunzi akasoma tarakimu iliyoshuka, akapapasa chini ya sikio la ng'ombe, na kwenda mbio kumwita mganga wa mifugo wakati dawa ingali inafaa.