Landrova ya Shambani Isiuzwe kwa Kilo

Nyuma ya karakana za mashamba ya mkonge, kutoka Muheza hadi Korogwe, kuna magari yaliyowekwa juu ya mawe miaka mingi iliyopita na hayajashushwa hadi leo. Landrova isiyo na magurudumu. Bedford iliyobaki kichwa na chasisi. Trekta lililomezwa na nyasi hadi usukani. Magurudumu yalihamia kwenye tela, injini ikaenda kuzungusha mashine ya kusaga, vioo vikachukuliwa kimoja kimoja. Kwa muda mrefu mnunuzi wa mabaki haya amekuwa yule mwenye mzani wa chuma chakavu, na bei yake haijali gari liliundwa mwaka gani.

Lipo soko jingine, na lenyewe huuliza mwaka kwanza. Desemba 2015, nyumba ya mnada ya Bonhams ya London iliuza Landrova Defender iliyohesabiwa kuwa ya 2,000,000 tangu kiwanda kianze, kwa pauni 400,000. Lilikuwa gari la hisani na kila aliyepandisha bei alijua hivyo. Lakini tarehe 29 Januari 2016 kiwanda cha Solihull kilipofunga kabisa utengenezaji wa Defender, wenye magari ya zamani waligundua kwamba walichonacho hakitaundwa tena. Mwaka huohuo kampuni yenyewe ikaanza kutafuta Landrova za toleo la kwanza, zile za 1948 hadi 1958, kuzifumua, kuziunda upya na kuziuza kwa kati ya pauni 60,000 na 80,000. Kampuni iliyokuwa ikiuza magari mapya ikawa mnunuzi wa mabovu.

Habari za Mercedes-Benz ya 1955 iliyouzwa mwaka 2022 kwa euro milioni 135 zisimdanganye mtu wa Tanga. Hilo ni soko la mabilionea. Linalotuhusu ni soko la chini yake, la watu wa kawaida wa Uingereza, Australia na Afrika Kusini wanaotaka gari la kazi lenye historia, lenye usukani kulia, ambalo fundi anaweza kulifungua kwa spana na kulirudisha. Magari ya namna hiyo ndiyo yaliyoujenga mkoa huu.

Landrova ilizaliwa ufukweni. Mwaka 1947 mhandisi Maurice Wilks alichora umbo lake la kwanza kwenye mchanga wa Red Wharf Bay, kisiwani Anglesey, na Aprili 1948 likaonyeshwa hadharani Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgawo, kwa hiyo bodi ikaundwa kwa alumini. Uamuzi huo wa dhiki ndio uliolifanya gari hilo lidumu kwenye pwani kama yetu.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa inaishi kwa mkonge. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na katika miche yote iliyosafirishwa iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo ukatokea uchumi mzima: kufikia 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilishuka kwa reli na lori hadi bandari ya Tanga. Meneja wa shamba alizungukia vitalu kwa Landrova. Polisi walikuwa nayo, misheni walikuwa nayo, timu za kupuliza dawa ya mbu walikuwa nayo. Baada ya uhuru ikawa gari la mkuu wa wilaya, la bwana shamba na la chama cha ushirika, na ile ndefu ya inchi 109 ikawa gari la wagonjwa, la maiti na la arusi. Ukimuuliza mzee yeyote wa Handeni au Lushoto kuhusu safari yake ya kwanza ya gari, kuna uwezekano mkubwa akakutajia benchi la nyuma la Landrova, goti kwa goti, vumbi likiingia kwa nyuma ya turubai.

Azimio la Arusha la 1967 lilifuatiwa na utaifishaji wa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, na magari yakafuata mashamba. Bei ya mkonge ilikuwa tayari imeanza kuanguka kwa sababu ya kamba za sintetiki, kisha mafuta yakapanda, na fedha za kigeni zikakauka. Wenye umri wanakumbuka miaka ambayo kuendesha gari Jumapili baada ya saa nane mchana kulipigwa marufuku ili kuokoa petroli. Spea hazikuwepo. Hadi serikali iliporuhusu mwaka 1984 wenye fedha zao nje waingize bidhaa, mwenye gari aliishi kwa fundi wake.

Hapa ndipo tunapokosea tunapozungumzia thamani ya gari la zamani. Tunatazama bodi na kusahau mikono. Fundi wa Tanga wa miaka ile alikata bushi kwenye mpira wa tairi kuukuu, alichonga pini za springi kwenye mashine za karakana ya shamba, alikunja majani ya springi kwa moto wa makaa. Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ilipochoka kabisa aliitoa, akatafuta injini ya dizeli ya Isuzu au Nissan, akatengeneza bamba la kuiunganisha na gia boksi ya Kiingereza, akarefusha au kufupisha propela shafti, na gari likaondoka. Hakuwa na kitabu cha kumwelekeza.

Na alipambana na chumvi. Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini pale inapogusana na chuma kwenye hewa ya bahari hutoa unga mweupe na kulika taratibu kuzunguka kila ribiti. Chasisi ni ya chuma, tena ni ya boksi iliyo wazi ndani, hivyo maji ya chumvi huingia na kuila kwa ndani huku nje inaonekana nzima. Gari lililovushwa mara nyingi kwa kivuko cha Pangani kwenda Bweni, au lililopitishwa ufukweni maji yakipwa, hufa kuanzia chasisi. Mafundi wa pwani wanajua kuigonga kwa nyundo na kusikiliza: sehemu iliyooza hujibu kwa sauti nyingine. Wanakata kipande, wanachomelea kipya na kukipaka lami au oili chafu. Ujuzi huo haujaandikwa popote, na waliokuwa nao ni wazee sasa.

Shirikisho la kimataifa la magari ya zamani, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, linalitambua gari kuwa la kihistoria likiwa na miaka 30 au zaidi, limetunzwa katika hali sahihi ya kihistoria, na halitumiki tena kwa usafiri wa kila siku. Masharti mawili ya mwisho yanatuacha nje. Magari yetu yamebaki hai kwa kubadilishwa na kwa kufanya kazi. Landrova yenye injini ya Isuzu itakatwa bei kwenye mnada wa Ulaya kwa sababu namba za injini hazilingani na za kiwandani. Mimi nasema injini hiyo ya Isuzu ni sehemu ya historia ya Tanzania, na anayeing'oa leo ili kumfurahisha mnunuzi wa mbali anafuta ukurasa ambao hautaandikwa tena. Akitaka kuing'oa, apige picha kwanza na aiweke pembeni.

Kuhusu karatasi sina huruma, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wanapopoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine. Gari lilikuwa la shamba, shamba likataifishwa, shirika likauza kwa mnada, aliyenunua akafariki, warithi hawakufungua mirathi, na kadi iko kwa shemeji au imeliwa na mchwa. Gari la namna hiyo haliwezi kuhamishwa jina kihalali, halikatiwi bima, na mnunuzi makini hatalipa bei yake. Linabaki kuuzwa kwa kilo. Ndugu wanaogombana kuhusu viwanja viwili vya baba yao hawakumbuki gari lililo chini ya mwembe, hadi siku mmoja wao anapoliuza peke yake. Na msaada upo: jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, Uingereza, linahifadhi kumbukumbu za viwanda vya zamani, na kwa namba ya chasisi hutoa hati, kwa malipo, inayoonyesha gari liliundwa lini na lilipelekwa wapi. Hati hiyo haikupi umiliki, lakini huthibitisha kwamba gari lako ndilo lile, na kwenye soko hilo uthibitisho ni pesa.

Sheria nayo haijayaona magari haya. Kwetu, anayeingiza gari dogo la abiria lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 30 kwa sababu ya uzee wake. Kenya huzuia kabisa yaliyozidi miaka 8, na Uganda tangu 2018 huzuia yaliyozidi 15. Lengo ni jema, tusigeuzwe jalala. Lakini kwa forodha gari la 1956 na gari la 2006 ni wazee sawa tu. Maana yake ni kwamba gari la kihistoria likitoka Tanga leo, kulirudisha kesho kutahitaji tajiri. Upande wa pili, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na milango ya mbao ya nakshi ya kabla ya 1940. Mlango wa nyumba ya Pangani unalindwa, na inafaa ulindwe. Gari la kwanza la wagonjwa la wilaya hiyohiyo halina ulinzi wowote, na linaweza kuondoka bandarini bila mtu kuuliza.

Sisemi mauzo yapigwe marufuku. Mjane wa Muheza mwenye Landrova ya marehemu mumewe ana haki ya kuiuza kwa bei ya dunia na kujenga nyumba. Ninachotaka ni ajue bei hiyo kabla hajapokea ya mzani, na angalau magari machache yabaki hapa. Jumba la Urithi Tanga, ndani ya Boma la Wajerumani, linahifadhi kumbukumbu za mji huu. Landrova moja ya shamba la mkonge, pamoja na bamba na bushi alizotengeneza fundi, ingestahili kusimama uwanjani pake. Nairobi imekuwa na maonyesho yake ya magari ya fahari tangu 1970. Oktoba 2024 Arusha ilikusanya mamia ya Landrova kwa nia ya kuvunja rekodi ya Ujerumani ya magari 632 yaliyopangwa msururu mmoja mwaka 2018, na umati uliojitokeza ulionyesha kuwa Watanzania wanayapenda magari haya kuliko maofisa walivyodhani. Tanga, ambako yalifanya kazi ngumu kuliko mahali pengi, haina sababu ya kukaa kimya.

Je, bei zitaendelea kupanda? Sidhani zitapanda zote. Watu hununua gari walilolitamani utotoni, na kizazi kilichotamani Landrova ya 1960 kinazeeka. Vijana wa leo walikua wakiona Peugeot 504, iliyoendelea kuundwa Kenya hadi 2004 na kushinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na Land Cruiser za 1984 kuja mbele. Hizo ndizo zitakazotafutwa miaka 20 ijayo, na leo bado ziko barabarani Tanga zikibeba magunia. Umeme nao umeingia: kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2017 na sasa inaitwa Roam, ilibadilisha magari ya watalii kuwa ya betri. Wapo watakaolia kwamba huko ni kuliua gari. Fundi aliyeingiza Isuzu kwenye Landrova mwaka 1985 asingelia, mradi injini ya zamani itunzwe na kazi iandikwe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna gari juu ya mawe, kabla hujampigia simu mwenye mzani fanya haya wiki hii. Futa vumbi usome kibao cha namba kilicho ndani, kisha, kama ni Landrova, tafuta namba iliyogongwa kwenye chasisi karibu na springi ya mbele ya kulia, uzinakili zote mbili. Tafuta kadi, na kama mwenye jina amefariki, fungueni mirathi. Muulize mzee aliyeliendesha au kulitengeneza, umrekodi kwa simu. Ukimaliza hayo, uza ukitaka.