Saga Haikuwa na Daftari

Mtu atokaye Kisumu kwa barabara kuu iendayo Busia, akiisha kuupita uwanja wa ndege, hufika upesi katika kituo cha Otonglo, kabla ya Kisian mahali njia ya Bondo inapoachana na barabara hiyo. Upande mmoja kuna vilima vya Riat, na upande wa pili nchi inateremka hata ziwani. Ni kituo cha maduka na soko, wala si mahali pa kumshangaza mgeni. Lakini hapa, kama katika vijiji vyote vya ukingo huu wa ziwa, ni shida kumpata mtu mzima asiye mwanachama wa kikundi fulani: cha akina mama wanaoweka na kukopeshana, cha kuwatunza mayatima, cha wajane, cha maji, cha vijana, au cha wavuvi wa ufukoni.

Kikundi kama hicho kinapokufa, maneno husemwa upesi: viongozi wamekula fedha. Mara nyingine ni kweli, na mwizi hana budi kushtakiwa. Walakini mtu akikaa chini na kuzisoma daftari za chama kilichokufa, ikiwa zipo, aghalabu haoni wizi bali kutojua kazi. Risiti hazikutunzwa, kumbukumbu za mikutano hazikuandikwa, na fedha ya jambo moja ilitumika kwa jambo jingine kwa nia njema kabisa. Mwenyekiti mwaminifu na mwenyekiti mwizi, kama wote wawili hawana stakabadhi, hawatofautiani mbele ya wanachama. Ndiyo sababu mafunzo ya uendeshaji wa vyama vya hiari si anasa ya watu wa mjini wenye ofisi kubwa, bali ni jambo la kuangaliwa na kila mtu aliyekubali kuitwa mwenyekiti, katibu au mweka hazina.

Kufanya kazi pamoja si jambo geni kwa Waluo. Zamani palikuwa na saga: majirani walikusanyika na majembe yao kulilima shamba la mmoja wao, naye akawapikia chakula, siku nyingine ikawa zamu ya mwenziwe. Saga haikuwa na daftari, wala haikuihitaji. Aliyekuja alionekana, aliyekosa alijulikana, na shamba lililolimwa lilikuwa pale pale kila mtu alitazame. Fedha haina tabia hiyo. Shilingi elfu kumi za chama zilizo mfukoni mwa mtu zinafanana sana na shilingi elfu kumi zake mwenyewe, na baada ya mwezi mmoja hata yeye hawezi kuzitenga.

Vyama vyenye mwenyekiti na ada vina umri mrefu katika nchi hii. Mwaka 1923 ilianzishwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, iliyotokana na Young Kavirondo Association, na Arkidikoni Walter Owen wa kanisa la Anglikana akawa rais wake. Wanachama waliagizwa kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti, na chama kilipeleka malalamiko ya watu kwa Serikali. Kazi hiyo ilikuwa njema, lakini mambo makubwa ya chama yalipitia mkononi mwa mtu mmoja. Ni namna ya uongozi ambayo haijaisha hata leo: mwanzilishi ndiye mwenye maono, ndiye mwenye ufunguo, na ndiye mwenye kujua benki ni ipi. Akiugua yeye, chama kinaugua.

Kufundishwa uongozi nako si jambo la juzi. Jeanes School ilifunguliwa Kabete mwaka 1925 kwa ajili ya walimu waendao vijijini, na baada ya Vita Kuu ya Pili ilipokea viongozi wa namna nyingi, pamoja na akina mama wa Maendeleo ya Wanawake. Mwaka 1961 mahali hapo pakawa Kenya Institute of Administration, ambayo kwa sheria ya mwaka 2012 iliingizwa katika Kenya School of Government. Huko Maseno, mbele ya Kisian katika barabara iyo hiyo ya Busia, palikuwa na chuo cha Serikali cha kuwafundisha watumishi, kilichounganishwa mwaka 1990 na chuo cha walimu cha Siriba. Hicho leo ni Chuo Kikuu cha Maseno.

Mtu mmoja afaa kutajwa hapa. Tom Mboya, ambaye jamaa zake ni watu wa Kisiwa cha Rusinga, alisoma Kabete kazi ya ukaguzi wa afya. Kufikia mwaka 1955 alikuwa amekwisha kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na ufasaha wake ulijulikana kote. Hata hivyo alikwenda Ruskin College, Oxford, akaketi darasani muda wa mwaka mmoja kama mwanafunzi. Wako wenyeviti wengi wa vikundi wasiojulikana hata katika tarafa ya pili ambao huona ni aibu kufundishwa na kijana namna ya kufunga hesabu. Chuo cha wafanyakazi chenye jina la Mboya kiko Kisumu, mali ya shirikisho la COTU.

Haja ya mafunzo ilizidi sana katika miaka ya UKIMWI. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Nyanza watu wazima wapatao 15 katika kila 100 walikuwa na virusi, kiasi kilichopita mikoa mingine yote ya Kenya. Mayatima walikuwa wengi, na wenye huruma hawakungoja kuambiwa. Mama aliyeanza kwa kuwapikia uji watoto wa jirani alijikuta baada ya miaka michache akiitwa mkurugenzi, na wageni wanaketi sebuleni kwake wakimwuliza makisio ya mwaka ujao. Huruma alikuwa nayo, tena tele. Makisio hakuna aliyemfundisha.

Mafunzo yenyewe huanza na jambo dogo, nalo ni kugawa mikono. Anayeomba fedha itumike asiwe ndiye anayeidhinisha, na anayeidhinisha asiwe ndiye anayelipa na kuandika. Watu wengi husikia jambo hili kana kwamba wanashukiwa. Sivyo. Mweka hazina aliyelipa kwa karatasi yenye sahihi za wenzake wawili hulala usingizi, kwa maana siku ya maneno hasimami peke yake. Katika siku hizi za M-Pesa jambo hili limekuwa gumu zaidi, kwa kuwa fedha ya chama mara nyingi hukaa katika laini ya simu iliyoandikishwa kwa jina la mtu mmoja. Mtu huyo akifa, wanachama watajikuta wakiwaomba jamaa za marehemu fedha yao wenyewe katikati ya matanga.

Fundisho jingine ni la fedha ya matumizi madogo. Chama hutenga kiasi kisichobadilika, mathalani shilingi 5,000, kwa nauli, chai na karatasi. Kila kitokacho hubadilishwa kwa risiti. Kama risiti zilizo sandukuni ni za shilingi 3,150, basi fedha taslimu lazima iwe shilingi 1,850, si zaidi wala si pungufu, hata mkaguzi akija usiku wa manane. Fedha ikikaribia kwisha, mweka hazina huleta zile risiti na kupewa shilingi 3,150, na kiasi kinarudi pale pale 5,000. Mkulima hahitaji kusoma uhasibu ili kulifahamu jambo hili. Ni kama kuhesabu mbuzi jioni: waliokwenda malishoni na waliobaki zizini, jumla yao inajulikana.

Lakini pigo kubwa la vyama vingi liko mahali pengine. Mathalani mfadhili ametoa shilingi 600,000 za kuchimba kisima. Wakati huo huo kodi ya ofisi imelimbikizwa, shilingi 45,000, na mwenye nyumba ameleta kufuli. Mkurugenzi anajua kwamba mwezi ujao itakuja fedha nyingine, basi anachukua katika ile ya kisima na kulipa kodi. Hakununua pikipiki, wala hakujenga kwake. Mwezi unakuja, na ile fedha nyingine haiji. Mchimbaji anafika na kudai malipo yake, na zimebaki shilingi 555,000. Kuanzia hapo kila barua ya mkurugenzi ina uongo kidogo ndani yake, na mfadhili atakapotambua hatatofautisha kodi na pikipiki.

Mtu aliyefundishwa angeyafanya haya tangu mwanzo. Katika makisio aliyompelekea mfadhili angetia gharama za uendeshaji: kodi, mlinzi, karani, ukaguzi wa hesabu. Wengi huziacha kwa kuogopa kuonekana walafi, kana kwamba kisima huchimbwa na watu wasiokaa mahali popote. Angeweka hesabu ya kila fadhili mbali na nyingine. Tena, shida ilipotokea, angemwandikia mfadhili kuomba ruhusa, na kungoja jibu kwa maandishi kabla ya kugusa hata senti. Katika mafunzo haya, sura ya fedha yenye kazi maalumu ndiyo inayoleta kimya darasani.

Wavuvi nao wamo. Tangu kanuni za mwaka 2007, kila ufuko wa kuteremshia samaki, kama vile Usoma au Ogal, huongozwa na kikundi cha usimamizi wa ufuko ambacho kamati yake huchaguliwa na wenye vyombo, mabaharia, wachuuzi na wengine wanaoishi kwa samaki. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, lilitunga miongozo ili nchi tatu za ziwa zifuatane. Shilingi zinazotozwa ufukoni ni ndogo ndogo, lakini hutozwa kila siku, na hukusanywa alfajiri wakati kila mtu ana haraka. Hapo daftari iliyoandikwa kesho yake haifai kitu. Lazima iandikwe papo hapo, hata vidole vikiwa vimelowa.

Hali imekuwa ngumu zaidi tangu mwaka 2025. Mwezi wa Januari mwaka huo Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje, na tarehe 1 Julai shirika la USAID likafungwa. Kando ya ziwa, ambako fedha hizo zilishika sehemu kubwa ya kazi ya UKIMWI, watumishi wengi waliachishwa kazi ghafula. Mafunzo peke yake hayangezuia jambo hilo, wala haifai kusema hivyo. Lakini chama chenye wafadhili watatu, ada za wanachama zinazolipwa, na akiba ya miezi michache, kilipata nafasi ya kuketi na kufikiri. Chama kilichotegemea mlango mmoja kilifungiwa nje siku ile ile.

Sheria nazo zimebadilika. Sheria ya mwaka 2013 ya mashirika ya manufaa ya umma ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ikaifuta ile ya mwaka 1990 ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Vikundi vidogo vina sheria yao ya mwaka 2022. Karani wa chama ambaye bado anazo fomu za zamani kabatini afanye safari moja ya kuuliza.

Kosa la mwisho ni la kupeleka mtu mmoja. Mara nyingi barua ya kuitia mafunzo hufika, naye mwenyekiti huenda, kwa kuwa kuna posho na chakula cha mchana. Hurudi na cheti cha kutundika ukutani, na daftari haibadiliki hata mstari. Ni heri waende watatu, pamoja na mwanachama asiye na cheo chochote, atakayejua kuuliza katika mkutano mkuu. Yaliyofundishwa yataonekana siku ya makabidhiano. Mweka hazina wa zamani na mpya huketi mezani, wakaihesabu fedha mbele ya wanachama, wakailinganisha na karatasi ya benki, wakaandika hati ya vitu vyote hata viti vya plastiki na sufuria, na wote wawili wakatia sahihi. Ndipo ufunguo wa sanduku hutolewa.